Mtu wa Kuja Naye

Karakana, 11 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, maana shikamoo yako najua ipo hata kabla hujaiandika. Mimi mzima, ila sikio la kushoto limefunga duka kabisa, na la kulia linafungua likijisikia. Ndiyo sababu narudi kwenye kalamu. Ile simu uliyonitumia nikiiweka sikioni nasikia mtu anakoroma ndani ya debe, kumbe ni wewe unanisalimu. Barua tuma kwa anwani ya duka la vipuri kama zamani, mama wa pale ananiwekea.

Fundi redio, jirani yangu wa ukuta mmoja, amechukuliwa na binti yake akakae huko kwao. Miaka ishirini tumebishana mchana kutwa kupitia ule ukuta, hata mambo tusiyoyajua. Sasa mlangoni kwake kuna kufuli jipya na mimi sina wa kumpinga.

Mzigo wako wa kapsuli za kiungulia nimeupata, ahsante. Lakini nisikilize. Asidi mimi naijua kuliko wewe na vyeti vyako. Miaka thelathini na minane nimeimimina kwenye betri za malori, imenitoboa suruali, imenila kucha. Ikimwagika sakafuni naimwagia soda ya unga, ile ya waoka mikate. Inafoka povu, inatulia, kazi imekwisha. Sasa nikasema nisimeze kitu nisichokipima. Nikachukua mtungi wa kioo, nikatia asidi ya betri kidogo, nikafungua kapsuli yako moja nikamwagia zile chembe. Kimya. Nikangoja nusu saa nzima. Chembe zimekaa chini zinanitazama. Nikatia kijiko kimoja cha soda, povu mpaka mezani!

Kwa hiyo dawa yako ni bandia, au imekufa njiani. Usijisikie vibaya, hata kwenye betri wanatuuzia feki. Mimi naendelea na soda yangu, kijiko kwenye glasi ya maji, asubuhi na jioni, na siku nyingine katikati. Ni kiungulia tu.

Mjomba wako,
Mzee Chaji


Chumbani kwangu, 2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimecheka peke yangu hadi jirani wa juu akagonga sakafu. Halafu nikaacha kucheka, maana nimekumbuka unaandika kweli.

Huku kazi ni ile ile. Mwenzangu wa dirisha la dawa amehamishiwa wodini, nimebaki mwenyewe. Watu mia na zaidi kwa siku, wote nawaona kuanzia kidevuni hadi kifuani, dirisha limekatwa hivyo. Chakula cha mchana nakula nimesimama. Nikirudi nyumbani lifti mbovu, ghorofa ya tano.

Kapsuli si bandia. Umeipa mtihani usio wake. Soda inapigana na asidi iliyokwisha kumwagika, ndiyo maana unapata nafuu kwa dakika chache, kisha tumbo linatengeneza nyingine na wewe unarudi kwenye kijiko. Omeprazoli, hiyo kapsuli niliyokutumia, haipigani na asidi hata kidogo. Kwenye ukuta wa tumbo kuna vipampu vidogo mno vinavyosukuma asidi ndani. Zile chembe zimevikwa ganda makusudi ili asidi isizile, na ndiyo maana zilikutazama tu. Zinapita tumboni salama, zinayeyukia kwenye utumbo, zinaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayozipeleka ukutani kufunga vile vipampu. Sasa kwenye mtungi wako, Mjomba, ukuta uko wapi? Pampu iko wapi?

Kwa hiyo isubiri kwa utaratibu wake. Moja asubuhi, kwa maji, nusu saa kabla hujala, kwa sababu vipampu huamshwa na chakula na dawa inatakiwa iwe imeshafika. Usiifungue, usiitafune. Usiipime siku ya kwanza, ipe siku tatu au nne. Zikitimia siku kumi na nne, basi. Kama bado unaungua baada ya hapo, unakwenda kwa daktari, huendi kutafuta pakiti nyingine.

Soda iache leo leo. Ile ni chumvi, na wewe una presha. Nijibu haya matano bila kuniruka: miguu inavimba? Dawa za presha unameza? Hiki kiungulia kina muda gani? Kuna vidonge vya maumivu unavyotumia? Na mwili, umepungua, au chakula kinakukwama?

Labda likizo ya Juni nitakuja.

Mpwa wako


Karakana, 29 Machi

Binti wa Vidonge,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Nyumbani salama. Bomba la uani limepasuka tena, nimelifunga kwa mpira wa tairi na linanicheka.

Nimetii. Nameza saa kumi na mbili na nusu, nakaa kitini natazama saa kama mtu anayengoja treni, saa moja nakunywa chai na mkate. Siku ya kwanza nikaona umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ya pili hivyo hivyo. Siku ya nne nimeamka kifua baridi, sijui hata moto ulikwenda wapi. Haya, umeshinda. Vipampu vipo.

Majibu yako. Miguu ilikuwa imevimba, soksi ilikuwa inaniachia alama kama kamba, tangu niache soda imeshuka. Dawa za presha nameza. Kiungulia kina kama miaka miwili.

Betri nazo zinaniaga. Juzi amekuja dereva na betri imekufa. Nikatafuta vifuniko vya seli nimpime maji, nimtazamie asidi. Hakuna vifuniko. Akaniambia, "Mzee, hizi za sasa hazifunguliwi. Ikifa unatupa." Akaiacha hapo mlangoni kama mzoga. Siku hizi siku inapita sijasema na mtu. Jana neno langu la kwanza nimelisema saa kumi jioni, nalo nilimwambia paka wa duka la vipuri, "Toka."

Kapsuli zimenikubali, nitanunua nyingine hapa mjini niendelee. Na likizo nimeisikia. Mwaka jana ilikuwa ya Agosti.

Mzee Chaji


Chumbani, 14 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima. Mafua kidogo.

Umejibu matatu, mawili umeyapiga chenga. Mimi nauza dawa, Mjomba, watu wananipiga chenga kila siku dirishani na nawajua kwa namna wanavyochelewa kujibu. Hukusema lolote kuhusu vidonge vya maumivu wala kuhusu mwili. Umebeba betri za malori miaka yote hiyo, mgongo wako naujua. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, zote hizo zinaondoa ulinzi wa ukuta wa tumbo, na asidi inapata pa kuchimba. Unaweza ukawa na kidonda huko ndani, ukameza kapsuli, ukajisikia mzima, na kidonda kipo.

Usinunue nyingine. Sisemi dawa ni mbaya. Wapo wanaoandikiwa miaka na zinawasaidia, lakini daktari anawafuatilia, anaangalia damu yao, madini yao, mifupa. Wewe utazimeza kama karanga, na siku ukiziacha ghafla baada ya miezi, asidi itarudi kwa fujo na utadhani huwezi kuishi bila hizo. Umri wako na muda wa kiungulia chako vinatosha kukupeleka hospitali. Na kama haja yako itakuwa nyeusi kama lami, au ukatapika damu, usiniandikie barua. Nenda saa hiyo hiyo.

Maumivu kuisha si kupona. Hapo chini nimekata mstari kwa wino, usijisumbue kuusoma.

Likizo ya Juni nimempa mwenzangu anayejifungua.

Mpwa wako


Karakana, 3 Juni

Mpwa wangu,

Salamu zako nimezipata, na ukali wako nimeupata pia, umefika bila hata stempu. Nimekaa kimya muda, sikuwa na hasira. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika haya.

Diklofenaki nameza. Mbili kwa siku, mwaka wa tatu huu. Bila hizo siinami, na betri haiokotwi na mtu aliyesimama. Mwili nao umepungua, mkanda nimeutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Chakula nikila nusu sahani nimeshiba. Nikisimama haraka, ukuta unasogea.

Nimekwenda. Daktari ni kijana mpole, aliniandikia maswali kwenye karatasi nikayajibu kwa mdomo, watu wote kwenye benchi wakasikia habari za choo changu. Damu imekutwa pungufu. Amenipa dawa za kuongeza damu, amefuta diklofenaki, amenipa parasetamoli. Anataka nimulikwe tumbo, ule mpira wenye kamera unaopitia mdomoni. Tarehe 19 mwezi huu. Kapsuli, maana nilinunua nyingine, ameniambia nizisimamishe wiki mbili kabla, maana zinaweza kuficha kitu kamera isikione, na katikati hapo nitumie ile dawa nyeupe ya maji ya kutuliza tu. Nimezisimamisha tangu juzi, naungua kama zamani.

Mstari wako uliokatwa nimeuona. Nilikuwa nakaribia kuuinua kwenye mwanga, nikauacha.

Mjomba


Dirishani, 10 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Naandika juu ya bahasha za dawa, foleni imekatika kidogo.

Umefanya vizuri sana. Nimefurahi mpaka nimempa mteja tabasamu akageuka kuangalia nani yuko nyuma yake. Usile wala kunywa kuanzia usiku wa kuamkia kipimo. Dawa ya presha waulize kama utaimeza na funda la maji. Watakuchoma dawa ya usingizi, mpira hutausikia. Baada ya hapo utakuwa na kizunguzungu siku nzima, usiguse mashine wala asidi. Nani anakwenda na wewe? Niandikie jioni ile ile.

Mpwa wako


Karakana, 22 Julai

Mpwa wangu,

Hujambo? Hapa mvua imenyesha wiki nzima na karakana inavuja pale pale ilipovuja mwaka jana. Mama wa vipuri ameweka sakafu mpya. Paka amezaa, watatu.

Kipimo bado. Tarehe 19 nilikwenda, mashine ilikuwa mbovu. Wakanipa tarehe 16 ya mwezi huu, nikasimamisha tena kapsuli, nikafunga, nikaenda. Mashine imekufa tena. Unajua vitu vya umeme. Wakiniita nitakwenda. Usiwe na wasiwasi na mimi, nimeshajizoelea.

Mjomba


Chumbani, 5 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Nilipiga simu kitengo cha kamera. Nikasema mimi ni mfamasia na mjomba wangu anasubiri kipimo, nikauliza mashine itatengenezwa lini. Muuguzi akasema mashine yao haijawahi kuharibika tangu ifike. Nikakutaja wewe. Akasema, "Yule mzee wa betri? Tumemrudisha mara mbili. Hana mtu wa kuja naye. Dawa ya usingizi hatumchomi mtu wa kuondoka peke yake." Akaniambia mara ya pili ulimdanganya kwamba dereva wako anaegesha gari. Akatoka nje kumtafuta, akazunguka geti zima. Aliporudi ulikuwa umeshavaa viatu unaondoka.

Wiki mbili unaungua, unafunga, unaoga, unakwenda, unarudishwa. Mara mbili! Na mimi nakuandikia habari za vipampu. Kwa nini hukuomba mtu? Mama wa vipuri yuko hatua kumi kutoka kwako. Angefunga duka asubuhi moja.

Sasa ule mstari. Niliandika hivi: "Hilo nililijifunza kwa mama." Unakumbuka alivyokuwa akilalamika tumbo. Nilikuwa mgeni kazini, najiona najua kila kitu. Nikamtumia kapsuli mwezi hadi mwezi, miezi saba, na kila mwezi aliniambia, "Mwanangu, dawa yako imenitoa moto wote." Nikawa najisifu dirishani kwamba namtibu mama yangu kwa posta. Alipokuja kumulikwa, saratani ikawa imeshasambaa. Mimi ndiye niliyemzimia taa ya hatari, Mjomba. Ndiyo sababu siji. Kila likizo ikifika natafuta mtu mwenye shida kuliko mimi nampa. Siwezi kuingia nyumba ile nikaona kiti chake.

Nitakutafutia mtu wa kwenda naye, nitaongea na muuguzi. Usinikatalie hili.

Mpwa wako


Karakana, 17 Agosti

Mpwa wangu,

Sikusalimu kwanza. Nikianza salamu nitapotelea humo humo kama nilivyozoea.

Mama yako alipewa fomu ya kamera mwezi wa pili wa ugonjwa wake. Mwezi wa pili. Daktari hakudanganywa na kapsuli zako, alimuona amekonda, akaandika. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu: aje na mtu. Alikuja nayo hapa karakana, akakaa kwenye ile ndoo iliyopinduliwa, akaniambia, "Ndugu yangu, Alhamisi unisindikize." Nilikuwa na betri kumi na mbili za kampuni ya malori kwenye chaja, wamezitaka Ijumaa. Nikamwambia, wiki ijayo dada. Akabadilishiwa tarehe. Wiki hiyo zikaja nyingine nane. Nikamwambia tena wiki ijayo. Mara ya tatu hakuomba. Alikuja, akakaa, akaniuliza habari za betri, akaondoka. Alikuwa hapendi kusumbua watu, unamjua. Wewe alikuambia moto umetoka, kwa sababu kweli ulikuwa umetoka, na kwa sababu ungeacha kazi uje.

Zilipita wiki kumi na nne kabla sijampeleka. Nilimpeleka alipokuwa hawezi tena kutembea mpaka kituoni.

Hakunikataza kukuambia. Nimejikataza mwenyewe. Siku ya mazishi ulikuwa unalia unasema, "Ni dawa zangu, ni dawa zangu," na watu wamekushika. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwako. Neno moja lilitosha. Nikalimeza, nikakuacha uondoke nalo, na miaka sita nimekuwa nikikuuliza likizo kana kwamba sijui kwa nini huji.

Umeuliza kwa nini sikumwomba mama wa vipuri. Nilifika hadi mlangoni kwake. Nikanunua balbu nisiyoihitaji, nikarudi. Nitamwambiaje mtu aache kazi yake anisindikize, mimi niliyeshindwa kuziacha betri kwa ajili ya dada yangu? Sikuweza kulitoa kinywani. Nikaona bora nidanganye kuhusu dereva.

Usinitafutie mtu. Na usijilaumu tena kwa kapsuli, hiyo ndiyo haja yangu katika barua hii. Mengine utaamua mwenyewe.

Mjomba wako


Chumbani, 9 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

Barua yako ilifika tarehe 26. Niliisoma ngazini, ghorofa ya tatu, nikakaa hapo hapo hadi watu wakawa wananiruka. Nimekwenda kazini kila siku tangu hapo. Nimewaambia watu mia kwa siku, kabla ya chakula, baada ya chakula, usichanganye na pombe. Sijamwambia mtu yeyote kuhusu barua.

Miaka sita. Nimekuwa nikiota mikono yangu inafunga vifurushi. Niliacha kuzungumza na watu. Kuna mtu alitaka kunioa, nilimwambia hanijui. Na neno lilikuwa liko kwako, limekaa karakana.

Sijakusamehe. Naandika wazi ili usije ukasoma kitu kingine katika haya yafuatayo. Sijui hata kama wiki zile zingemponya. Daktari wake aliwahi kuniambia huenda ugonjwa ulikuwa umetangulia, nami sikumwamini, nilidhani ananihurumia. Hilo hatutalijua mimi wala wewe.

Nimeongea na muuguzi. Ni Jumatano tarehe 8 Oktoba, saa mbili asubuhi. Kapsuli uache tarehe 24 mwezi huu, ile nyeupe ya maji ruhusa, lakini uiachanishe na dawa nyingine kwa saa mbili. Diklofenaki usiiguse hata mgongo ukikatika. Barua hii inakuja na basi, isichelewe.

Kwenye fomu, pale pa mtu wa kuja naye, andika mimi. Nitafika Jumanne jioni. Usije kunipokea, ukisimama sana utaanguka.

Mpwa wako


Karakana, 30 Oktoba

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Natumaini safari ilikuwa nzuri na lifti imepona. Hukuandika kwamba umefika, ila mama wa vipuri anasema ulimpigia simu kuniulizia, kwa hiyo najua.

Majibu ya kile kipande cha nyama walichokata yametoka. Sina ugonjwa wa mama yako. Daktari amerudia mara mbili, ya pili akaandika kwenye karatasi, nimeiweka hapa chini ya mtungi isipeperuke. Ni kidonda kama alivyotuambia siku ile, kilikuwa kinavuja damu kidogo kidogo, na kuna bakteria anayekaa tumboni akikichochea, ukichanganya na diklofenaki zangu. Nimepewa antibayotiki za aina mbili kwa wiki mbili, na kapsuli moja asubuhi na moja jioni, kabla ya kula. Zikiisha naendelea na kapsuli moja ya asubuhi mpaka wiki nane zitimie, kisha wanapima kama bakteria amekwisha. Nimejisikia vizuri tangu siku ya sita. Sijaacha hata kidonge kimoja. Najua utaniuliza.

Mgongo unauma na nauacha uume. Betri kubwa sibebi tena, namwambia mwenye nayo aniinulie. Wanainua, na wala hawakasiriki. Mama wa vipuri amesema kipimo cha marudio atakwenda na mimi. Nilimwomba. Nilisimama pale kaunta hadi mteja aliyekuwapo akaondoka, nikalisema.

Siku nne ulizokaa tumeongea kidogo, mimi kwa ajili ya sikio na wewe kwa ajili ya moyo. Uliingia chumba cha mama yako peke yako na ukafunga mlango, sikukufuata. Kituoni ulinipa mkono tu. Sikulaumu, nimeupokea huo mkono na ahsante. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Natembea naongea mwenyewe kwa sauti nijisikie.

Kuna jambo moja hulijui. Siku ile ya kipimo mimi ndiye niliyeamka kwanza. Wewe uliyekuja kunilinda ulikuwa umelala kwenye kiti, kichwa kimeangukia begani, mkono mmoja umeshika ukingo wa kitanda changu. Sikuwahi kuona umefanana na dada namna ile. Muuguzi akaja kukuamsha, atupe karatasi twende. Nikamzuia kwa mkono. Nikamwambia kasafiri siku mbili huyu, mwache. Tukakaa hivyo karibu saa nzima, watu wanaingia na kutoka, na mimi sikuwa na kazi nyingine yoyote ya kufanya duniani ila kukungoja uamke.

Mjomba wako